Kigrenda na Meno ya Mama Mkwe

Mashine yangu ya kwanza ya kusagia vyuma niliinunua kwa pupa na nikaijutia kwa utulivu. Ilikuwa nyekundu, nyepesi, imelala ndani ya sanduku la plastiki pamoja na vichwa vidogo vidogo visivyohesabika: mawe ya kusagia, brashi za waya, misasa ya duara, visahani vya kukatia. Muuzaji alivimwaga vyote juu ya kaunta kama mtu anayemwaga njugu. Macho yangu yakaenda kwenye njugu, hayakwenda kwenye mashine. Kila anayeanza hukosea hapo, na wauzaji wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Nilipofika nyumbani nikaiwasha, kichwa kikayumba. Mdomo wa mbele unaobana kijiti cha vile vichwa ulikuwa umechongwa hovyo, na mwendo wake ulikuwa mmoja tu, ule wa kichaa. Nilipogusisha shaba kidogo, kikaruka na kuchora mstari kuanzia nilipotaka mpaka nisipotaka. Nikaizima, nikairudisha kwenye sanduku lake, nikaenda kula.

Mke wangu hakuniacha nile kwa amani. "Mchagua jembe si mkulima," akasema.

Nikamwambia aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kupewa jembe linaloyumba kwenye mpini.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji. Kutwa nzima nainama kwenye mashimo ya watu, nabwekewa na mbwa wao, naambiwa mita imekufa ilhali naiona inakimbia. Mtu wa kazi hiyo akirudi nyumbani anahitaji kitu kinachomtii. Wengine wana mpira, wengine wana karata. Mimi napenda vyuma vidogo: kibao cha funguo, kifungo cha mkanda, hereni za shaba. Nyuma ya jikoni kwetu kuna kibaraza chembamba, na mwisho wake nimeweka meza yenye jiliwa la kubania, taa ya kupinda shingo na bakuli la maji. Watoto wakiniona naelekea huko hupandisha sauti ya televisheni mapema.

Mashine ya pili niliitafuta taratibu. Jumamosi baada ya Jumamosi nilizunguka maduka ya vifaa nikiomba kitu kimoja ambacho wauzaji hawakipendi: iwashwe, nishike mwenyewe. Ukiishika ikiwa inazunguka, kiganja chako kitakwambia ukweli wote. Ikitetemeka, irudishe. Ikipata joto kabla hujamaliza kuongea na muuzaji, irudishe. Ikiwa haina gurudumu la kupunguzia mwendo, usiiulize hata bei, kwa sababu shaba ina mwendo wake, chuma kina chake, na plastiki ukiipa mwendo wa chuma inayeyuka na kukunukia puani. Za betri zinavutia, hazina waya wa kukukwaza miguuni, ila betri hupenda kuisha wakati kisahani kimezama katikati ya chuma. Nikachagua ya waya. Ilikuwa ya kijivu, nzito kiasi, na ilikuwa na mkia unaopinda, kwa hiyo mashine yenyewe unaitundika msumarini na mkononi unabaki na kitu chembamba cha kushika kama kalamu.

Muuzaji wa duka hilo alikuwa amechoka nami. "Mzee, unanunua mashine au unaoa?"

"Kuoa nilioa haraka zaidi," nikamjibu.

Nyumbani ikaitwa kigrenda, yaani grenda ndogo. Nilikizoea kwa kuharibu. Visahani vya kukatia ni vyembamba kama biskuti, ukivilaza kidogo tu vinapasuka, na kipande kimoja kilinigonga kwenye kioo cha miwani ya kazi mahali hasa lilipokuwa jicho. Tangu siku hiyo miwani ndiyo inayotangulia, kisha mkono. Nilijifunza pia kwamba shaba inaficha joto, unaichonga ukiisifu halafu ghafla inakuunguza kidole. Zaidi ya yote nilijifunza kutokandamiza. Kigrenda ukikikandamiza kinanung'unika na kupunguza mwendo, na kazi inakuwa mbaya. Ukikiachia kigusie tu, kinakula chuma polepole bila ugomvi.

Hereni za kwanza mke wangu alizivaa siku moja kisha masikio yakamwasha. Za pili alizivaa kwenda kazini na akarudi kimya, jambo ambalo kwake ni sifa.

Sasa nimlete mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mpokea simu, enzi zile mtu akitaka kuongea na mji mwingine ni lazima aunganishwe na mtu aliyekaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya. Sauti yake ilikuwa kazi yake. Hata baada ya kustaafu alikuwa akisema neno moja ukumbini, aliye chooni analisikia na kulielewa. Kati yangu naye kulikuwa na heshima, na heshima yetu ilipenda umbali. Nilimpa shikamoo nikitazama ukuta ulio kando ya sikio lake, naye akaipokea akitazama vifungo vya shati langu. Tukiwa mezani pamoja, alisema, "Muulize mumeo kama anaongeza chai," nami nikasema, "Mwambie mama naongeza." Mke wangu alikuwa katikati akipitisha maneno kama karani. Rafiki zangu walinicheka, lakini wao ndio waliokuwa wakigombana na wakwe zao. Mimi sijawahi.

Alikuja kwetu Ijumaa moja kwa ajili ya msiba. Aliyefariki alikuwa mwenzake wa kazini, waliyekaa naye bega kwa bega kwenye ule ubao miaka yote. Walikuwa wakiitana kwa namba za viti vyao: mama mkwe ni Namba Moja, mwenzake ni Namba Mbili. Walizeeka wakiitana hivyo hivyo. Na walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki ndiye atakayesimama kumuaga mwenziwe. Watoto wa marehemu waliijua ahadi hiyo, wakampangia mama azungumze makaburini siku ya Jumapili, mara baada ya familia. Ijumaa jioni nilimsikia chumbani kwa wageni akijizoeza. Sikuyasikia maneno, nilisikia tu ile sauti ikipanda na kutua.

Jumamosi hakula chakula cha mchana. Alisema kupitia kwa binti yake kwamba hana njaa, akarudi chumbani. Mke wangu akamfuata. Walikaa huko muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, na mimi nikaenda zangu kibarazani, maana mambo ya mama na binti mwanaume hujifanya hayajui.

Mke wangu alikuja akanisimamia pembeni ya meza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Usicheke," akasema.

"Sijacheka."

"Mama ana meno ya kuvaa."

Nikazima kigrenda. Nilimwoa binti ya mtu huyu tukapata watoto, watoto wenyewe wakaota meno, yakang'oka, wakaota mengine, na mke wangu hakujua kwamba meno ya mbele ya mama yake si ya kuzaliwa nayo. Alikuwa amelijua mchana huo huo. Mama alianguka kwenye ngazi za kazini wakati baba mkwe alikuwa ameshafariki na mke wangu yuko shule ya bweni. Aliporudi likizo alimkuta mama na tabasamu lile lile. Akaenda nalo mpaka leo.

"Hakumwambia mtu?"

"Namba Mbili peke yake."

Kisha akanieleza shida. Ni kibao kidogo cha plastiki chenye meno manne ya juu, kinashikwa na nyaya mbili, moja kila upande, zinazokumbatia meno yake halisi. Ncha ya waya mmoja imekuwa kali. Tangu kwenye basi inamchoma ndani ya shavu, na sasa pamefanya kidonda, hawezi kufungua mdomo akasema maneno mawili bila machozi kumtoka. Walishapiga simu hospitali. Idara ya meno mpaka Jumatatu.

"Ayavue basi aongee bila," nikasema.

Mke wangu alinitazama kwa namna iliyonifanya nijutie ulimi wangu. "Mama? Asimame mbele ya watu wote wale aliofanya nao kazi, kibogoyo? Anasema kama hayakai, kesho haendi. Atatuma salamu kwamba anaumwa. Na akikosa kumzika yule, sijui kama atakaa sawa tena."

"Kwa hiyo amekutuma kwangu."

"Hajanituma. Ameuliza tu kama ile mashine yako ya makelele inaweza kulainisha waya."

"Huko ndiko kutuma."

Niliogopa, niseme ukweli. Hereni ikiharibika unachukua shaba nyingine. Hapa hakukuwa na nyingine. Lakini kukataa nako nilishindwa, kwa hiyo nikasema nileteeni nione.

Tukapanga utaratibu bila kuuita utaratibu. Mama asingetoka chumbani bila meno, na mimi nisingeingia chumbani kwa mama mkwe hata nyumba ingeungua. Meno yakasafiri. Yaliletwa ndani ya kikombe cha chai kilichofunikwa sahani, mke wangu akitembea taratibu kama amebeba mchuzi wa moto. Nilipofunua, niliona aibu, kana kwamba nimefungua mlango wa bafu mtu akiwa ndani. Yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Upande gani?"

"Kushoto."

Sikuyabana kwenye jiliwa. Kitu cha plastiki ukikibana kwa chuma kinapasuka, hilo nilikuwa nimelipia zamani kwa mpini wa kisu. Niliyafunga kwa kitambaa nikaacha ncha ya waya nje. Jiwe nililikataa, lina meno makali kwa kazi hiyo. Nilichukua kichwa cha mpira, kile cha kumalizia, nikashusha mwendo mpaka mwisho, miwani usoni. Nikaigusa ncha, nikaiachia, nikachovya kwenye maji, nikaigusa tena, maana joto likipanda kwenye waya plastiki inalegea na meno yanakaa upande. Kazi ilikuwa safi. Nilipitisha ukucha, haukunasa popote. Nikayasuuza, nikayarudisha kikombeni, nikayafunika sahani yake.

Mke wangu akaenda nayo, akarudi. "Anasema bado."

Nikashangaa, nikaongeza. Waya ukapungua kidogo, nikauzungusha ncha mpaka ukawa kama kichwa cha pini. Kikombe kikaenda, kikombe kikarudi.

"Bado. Anasema ni pale pale, na panauma zaidi."

Sasa nikaanza kukasirika, na hasira yangu ikamwendea mama mkwe kimya kimya. Nikawaza kwamba wazee wakishaumia mahali, hata ukipaka asali watasema inachoma. Nikachukua jiwe laini, nikaukata waya wa kushoto kwa kiasi cha kumaliza ubishi. Hakuna ncha, hakuna lawama. Nikaona nimeshinda, nikaanza kufuta meza.

Kikombe kiliporudi mara hiyo hakikuwa na sahani juu. Mke wangu alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Yanaanguka."

"Yanaangukaje?"

"Anayavaa, akisema tu kitu yanaachia upande mmoja yanadondoka. Kabla hayakuwa yanaanguka. Umefanya nini?"

"Nimefanya nilichoambiwa. Kushoto."

Nilisema hivyo nikiwa nimeyashika mbele yangu, meno yakinitazama, kama mtu aliyekaa mkabala nami akitabasamu. Na ndipo nilipoona. Nikamwambia mke wangu asimame mbele yangu ainue mkono wake wa kushoto. Akainua. Ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia.

Nikakaa kwenye stuli. Kushoto alikosema mama kulikuwa kushoto kwake yeye mwenye mdomo, na mimi nilikuwa nimekata kushoto kwangu mimi mwenye kigrenda. Waya unaomchoma haujaguswa hata kidogo. Waya uliokuwa mzima, uliokuwa ukishika kibao kizima mahali pake, nimeusaga mara tatu mpaka ukabaki kibutu. Laiti tungekuwa tumekaa uso kwa uso, angeelekeza kidole tu, yangeisha. Lakini heshima yetu ilikuwa imetuweka vyumba viwili mbali, na katikati kikombe.

Mke wangu alielewa bila kuelezwa. Alicheka, kicheko kifupi kibaya, kisha akakaa sakafuni akaegemea mlango wa jikoni.

"Waya ukishasagika haurudi," akasema.

"Haurudi. Lakini kuna kidogo kilichobaki. Naweza kukipinda kikabana zaidi. Ila siwezi kukisia. Lazima nione kinakaaje kwenye jino. Mama aje mwenyewe."

"Umechanganyikiwa."

"Basi apige simu aseme anaumwa."

Hilo lilimwinua. Nilimsikia akiongea chumbani. Nilitandika taulo safi juu ya meza, nikafuta vumbi la shaba, nikanawa mikono na sabuni mpaka kwenye viwiko. Jua lilikuwa bado linaingia kibarazani kwa pembeni. Sikuwa na uhakika atakuja, na sehemu yangu moja iliomba asije.

Alikuja ameuziba mdomo kwa kitambaa. Alikaa kwenye stuli yangu bila kuambiwa, mgongo wima, kama aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. Mimi nilisimama. Mke wangu alibaki mlangoni, kwa mara ya kwanza hana ujumbe wa kupeleka.

"Mama," nikasema, na nikaona sijui niendelee vipi. "Nimekata upande ambao si wenyewe. Ulisema kushoto nikachukua kushoto kwangu."

Kisha akaongea na mimi, si na binti yake, na kitambaa kikiwa bado mdomoni. "Ningekuja mwenyewe tangu mwanzo."

"Nami ningekuita, mama. Naomba ufungue mdomo."

Akaondoa kitambaa. Alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano. Bila yale manne uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, mdomo wa juu umeingia ndani, mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Nilishusha taa karibu. Kidonda kilikuwa pale kwenye shavu, cheupe katikati, chekundu pembeni, na nikashangaa alivyopanda basi nacho, akatusalimia nacho, akajizoeza hotuba nacho usiku uliopita bila mtu kujua. Nilimwonea huruma. Kwa miaka yote nilikuwa namheshimu tu, huruma sikuwa nimewahi kuwa nayo kwake.

Kazi yenyewe haikuchukua muda. Waya uliokuwa unamchoma niliulainisha kwa kichwa cha mpira, mwendo wa chini, maji kila mara. Nikampa akavaa, akatikisa kichwa: hauchomi. Kibutu cha upande wa pili nilikishika kwa plaiza ya mdomo mwembamba, nikakipinda kiasi cha unywele, nikampa, nikatazama kinavyolalia jino, nikakitoa, nikakipinda tena. Kila mara alifungua mdomo mwenyewe. Kufikia mwisho hakuwa anafumba macho.

"Jaribu kusema kitu, mama."

Alinyoosha shingo. "Halo, nikuunganishe na mji gani?"

Ilitoka safi, kila herufi mahali pake. Mke wangu pale mlangoni akageuza uso. Mama akasema tena, kwa sauti zaidi, na meno yakakaa.

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia upande ule umeshikwa na kitu kidogo sana, asitafune chochote, aongee taratibu, na Jumatatu aende kwa wenye kazi yao. Nikamwambia sina uhakika wa kesho.

"Hakuna mwenye uhakika wa kesho," akasema, akainuka.

Jumapili watu walikuwa wengi. Wapokea simu wa zamani walikuwa wamekuja kwa kundi, wamama waliostaafu, wamevaa vizuri, wakisalimiana kwa zile sauti zao zilizonyooka. Tulikaa mstari wa mbele, mama, mke wangu na mimi. Mama hakuwa amekunywa hata chai. Familia ilipomaliza kuzungumza, kijana aliyeendesha shughuli akalitaja jina lake, akamkabidhi kipaza sauti kando ya kaburi.

Sentensi ya kwanza ilikwenda vizuri. Aliwasalimu wafiwa, akajitambulisha. Nilikuwa nahesabu kila neno moyoni kama mtu anayevuka daraja bovu. Kwenye sentensi ya pili nikasikia mlio mdogo wa plastiki, kipaza sauti kikaupeleka kwa kila mtu. Mkono wake ukaruka mdomoni.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ilikuwa imeshapasuka pale mbele yetu kwa ajili ya mwingine. Nilijua ni upande gani umeachia. Ile ilikuwa kazi ya mkono wangu. Yule kijana akamsogelea mama kwa upole, akadhani ni kilio, akanyoosha mkono achukue kipaza sauti. Mke wangu alikuwa ameshanikamata kwenye goti, kucha zimeingia.

Mama hakumpa. Alisimama vile vile, mkono mdomoni, akitazama jeneza. Kisha akageuka, akapiga hatua mpaka nilipokaa. Aliyatoa meno bila kitambaa, bila kuinamisha kichwa, mbele ya wote, akanitazama machoni.

"Nishikie," akasema.

Nikakinga viganja vyangu viwili. Alirudi kaburini, akakileta kipaza sauti karibu. Upepo ulikuwa ukipita pale penye pengo, na maneno yalitoka na miluzi, lakini hakuna aliyeshindwa kuyaelewa.

"Mnaona sina meno," akasema. "Nilianguka ngazini, tukiwa kazini. Huyu hapa tunayemzika alipokea simu zangu na zake mpaka nikapona, akawaambia wote kwamba nina mafua. Hakumwambia mumewe. Hakuwaambia nyinyi wanawe. Kila alipokuja kwangu alikuwa akipika wali laini na kusema ndio anaoupenda yeye." Akapumzika. "Tulikuwa wawili tunaoijua siri hii. Sasa sina wa kuificha naye."

Akaendelea kusimulia habari za mwenzake, jinsi alivyocheka, jinsi alivyokuwa akilala kitini zamu ya alfajiri, na watu walicheka na kulia kwa pamoja. Nilikaa na meno ya mama viganjani, bado yana joto la mdomo wake, nikamsikiliza mpaka alipomaliza.